Chaji Haikai Peke Yake: Somo Lililomo Katika Tope la Mbwera

Katika madarasa mengi ya sekondari, somo la umeme-tuli huanza na chaji mbili zilizowekwa katika ombwe. Mwanafunzi hufundishwa sheria ya Coulomb ya mwaka 1785: chaji za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana, na nguvu iliyopo baina yao hupungua kwa mraba wa umbali. Hukokotoa mifano kadhaa, hupata alama zake, na somo hufungwa. Sheria hiyo ni ya kweli, wala hakuna sababu ya kuipinga. Lakini mwanafunzi huyo akitoka nje ya darasa, ni nadra kuiona ikifanya kazi kwa namna aliyofundishwa, kwa kuwa katika vitu vinavyomzunguka hakuna chaji inayokaa peke yake. Kila chaji iliyomo majini, udongoni, katika waya wa shaba au katika mwili wa kiumbe imezungukwa na chaji nyingine zinazoisogelea, zinazoikimbia, na hatimaye kuifunika.

Kufunikwa huko kutaitwa hapa usitiri wa chaji. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba usitiri ni miongoni mwa mawazo machache ya fizikia yanayoweza kumchukua mwanafunzi kutoka kwenye tope la mto hadi kwenye mpaka wa utafiti wa leo pasipo kumpotezea njia. Kwa hiyo wazo hilo linastahili kufundishwa shuleni, kwa maneno ya Kiswahili, na kwa kuanzia kwenye mfano ulio karibu. Tanzania inao mfano ulio bora kuliko mingi ya vitabuni, nao umo katika delta ya Rufiji.

Mto unapokutana na bahari

Mbwera imo ndani ya delta hiyo, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Hapo nchi kavu na maji havina mpaka wa kudumu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati za bamvua tofauti ya kina hufikia mita tatu na zaidi. Kutoka bara huja Mto Rufiji, unaoanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana na ambao baadaye huupokea Ruaha Mkuu. Mto huo hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji ya masika huteremka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo yaliouchukua njiani. Yakifika katika delta, sehemu kubwa ya udongo huo hutua. Na juu ya tope lililotua hivyo kwa karne nyingi imeota mikoko ya hekta zipatazo 53,000, ambayo ndiyo mikubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyoshikamana mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mtu akiulizwa ni kwa nini udongo hutua hapo, jibu la kwanza ni kwamba maji yamepunguza mwendo. Jibu hilo ni sahihi kwa mchanga. Kwa udongo mfinyanzi halitoshi, na hesabu fupi yaonyesha sababu. Kwa sheria ya Stokes, punje ya udongo mfinyanzi yenye upana wa mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, huzama katika maji yaliyotulia kwa mwendo wa karibu sehemu moja ya milioni ya mita kwa sekunde. Ili izame mita moja tu yahitaji siku zipatazo kumi na mbili. Maji ya delta hayatulii hata siku moja, kwani kila baada ya saa sita hivi mkondo hugeuka. Kama punje hizo zingebaki moja moja, nyingi zingevuka delta na kupotelea katika bahari kuu.

Hali ni tofauti kabisa punje zikiungana. Bonge laini lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hata likiwa limejaa maji na kuwa jepesi kuliko punje kwa ukubwa ule ule, huzama mita moja kwa muda wa karibu nusu saa. Nusu saa inapatikana: ni muda ule maji yanaposimama baada ya kujaa, kabla hayajaanza kupwa. Basi swali lenyewe si kwa nini udongo huzama. Swali ni kwa nini punje zilizosafiri mamia ya kilomita pasipo kushikana huanza kushikana mara zifikapo penye chumvi.

Mgeni ndani ya fuwele

Punje ya udongo mfinyanzi ni fuwele yenye matabaka ya silikoni, alumini na oksijeni. Fuwele hiyo si kamili. Hapa na pale atomu ya alumini imekaa mahali palipokuwa pa silikoni, au magnesiamu mahali pa alumini. Mgeni huyo huenea katika nafasi aliyoikuta, lakini chaji yake haitoshi: ioni ya silikoni ina chaji chanya nne, ya alumini ina tatu, na ya magnesiamu ina mbili. Kwa kila mgeni wa namna hiyo fuwele hupungukiwa na chaji chanya moja, na punje nzima hubaki na chaji hasi. Hivyo chaji ya tope, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya chembe ngeni zilizojificha ndani ya fuwele. Wanafizikia wanaochunguza metali na mata nyingine hutumia miaka mingi kuuliza swali moja: kitu hufanya nini kinapoingiliwa na chembe ngeni yenye chaji? Tope la Rufiji limekwisha kulijibu swali hilo kwa namna yake.

Punje mbili zenye chaji hasi husukumana. Ndani ya maji ya mto zimo pia ioni chanya, ambazo huvutwa kuelekea punje na kuizunguka kama wingu. Lakini katika maji matamu ioni ni chache, na wingu huwa pana, kwa kiasi cha nanomita kumi hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Punje zikikaribiana, mawingu yao hukutana kwanza, nazo hurudishana nyuma. Katika maji ya bahari, yenye gramu zipatazo 35 za chumvi kwa kila lita, ioni ni nyingi mno. Wingu hubanwa hadi kufikia karibu sehemu nne za kumi za nanomita, unene unaozidi kidogo tu ule wa molekuli moja ya maji. Nje ya wingu hilo jembamba, chaji ya punje ni kama haipo. Punje mbili zaweza sasa kukaribiana mpaka zinaingia katika eneo la nguvu nyingine, ile ya van der Waals, ambayo huvuta lakini haifiki mbali. Zikiingia humo hushikana.

Kanuni ya upana wa wingu hilo ilitolewa na Peter Debye na Erich Hückel mwaka 1923. Matokeo yake hayahitaji hisabati ngumu: ioni zikiongezeka mara mia, upana hupungua mara kumi. Tena chaji iliyositiriwa haififii kwa mraba wa umbali pekee. Kwa kila hatua iliyo sawa na upana wa wingu, athari yake hugawanywa zaidi kwa karibu tatu, kiasi kwamba baada ya hatua chache hakuna kinachosalia cha kupimwa.

Ioni zenye chaji mbili au tatu husitiri kwa nguvu kubwa zaidi. Hans Schulze aliliona jambo hilo mwaka 1882 na William Hardy akalithibitisha mwaka 1900, kabla nadharia ya kulieleza haijapatikana. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya shabu kidogo, yenye alumini ndani yake, isafishe mtungi mzima wa maji ya tope, ingawa shabu huongeza njia ya pili kwa kutengeneza utando unaozoa punje zinazoelea. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa protini zake zenye chaji chanya. Mama atiaye shabu katika maji ya kunywa na bahari iingiayo Mbwera wakati wa bamvua wanatumia kanuni moja.

Hapana budi kusema wazi kwamba usitiri haueleze kila kitu. Mabaki ya majani, utando wa vijidudu na mizizi ya mikoko vina sehemu yao katika kulinasa tope. Lakini pasipo usitiri mlolongo wote huo hukosa mwanzo.

Yapasa pia kuepuka kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya kwa urahisi, nalo ni kudhani kwamba chaji imetoweka. Haikutoweka, imesitiriwa. Neno lenyewe la Kiswahili lasema hivyo: aliyesitiriwa yungali yupo, ila haonekani. Ushahidi wa kutisha ulipatikana Rissa, nchini Norwei, mwezi Aprili mwaka 1978. Udongo mfinyanzi uliotua baharini zamani za kale ulikuwa umeinuka na kuwa nchi kavu, na maji matamu yakaiosha chumvi yake kidogo kidogo. Sitara ilipoondoka, udongo uliokuwa ukiitwa imara uliporomoka na kutiririka kama uji, ukichukua mashamba na nyumba.

Jambo linalowahusu watu

Kwa watu wa delta, mahali pa kukutana maji matamu na maji ya chumvi si mstari wa ramani tu. Masika husukumwa kuelekea baharini. Kiangazi hupanda mtoni. Mpunga hutaka maji matamu. Miongoni mwa mikoko, mchu huvumilia chumvi nyingi, na msikundazi hupendelea penye chumvi kidogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji ya mto imekuwa ikipita katika matawi ya kaskazini ya delta, na pamoja nayo ukabadilika mgawanyo wa chumvi, wa tope na wa mashamba.

Mabadiliko mengine yanakuja. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba mwaka 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwezi Februari mwaka 2024. Uwezo uliokusudiwa kwa mitambo yote tisa ni megawati 2,115. Taifa liliuhitaji umeme huo. Hata hivyo bwawa lolote kubwa huitendea delta iliyo chini yake mambo mawili: huzuia sehemu ya udongo, na hupunguza tofauti baina ya mafuriko na kiangazi. Yote mawili yaweza kuhamisha mahali ambapo tope hutua. Je, kuhama huko kutapimwa na nani?

Wataalamu wa vyuo watakuja na kuondoka. Wanaobaki ni walimu na vijana wa huko huko. Kupima chumvi kwa kipimo kidogo cha mkononi, na kupima ukungu wa maji kwa sahani ya Secchi, yaani bamba lenye rangi nyeupe na nyeusi linaloteremshwa kwa kamba mpaka lisionekane, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa shule ya sekondari. Lakini kijana asiyeujua usitiri ataandika tarakimu mbili katika safu mbili. Anayeujua atatambua kwamba safu ya kwanza inaieleza ya pili. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mwandishi wa takwimu na mwanasayansi.

Penye msongamano

Nadharia ya Debye na Hückel ina sharti: ioni zisiwe nyingi mno, ili kila moja ione wastani wa umati badala ya kumwona jirani yake. Sharti hilo likivunjika, mambo hubadilika. John Kirkwood alionyesha mwaka 1936 kwamba katika maji yenye chumvi nyingi sana wingu la usitiri haliendi likififia kwa upole. Hujipanga kwa zamu: tabaka lenye wingi wa chanya, kisha lenye wingi wa hasi, kisha chanya tena, kila tabaka likiwa hafifu kuliko lililotangulia.

Katika metali wasitiri ni elektroni. Chembe ngeni yenye chaji ikiwekwa ndani ya shaba, elektroni huikusanyikia na kuifunika katika umbali ulio mdogo kuliko upana wa atomu. Hapo pia kifuniko huacha viwimbi, vinavyoitwa kwa jina la Jacques Friedel. Mwaka 1993 Crommie, Lutz na Eigler huko Marekani walitoa picha za viwimbi vya namna hiyo kwenye uso wa shaba, vikizunguka kasoro ndogo kama mawimbi yanavyozunguka nguzo iliyosimikwa majini.

Baada ya metali huja mfano ulio mgumu kuliko yote. Nadharia za geji ni nadharia zinazoeleza jinsi chembe za msingi zinavyopashana nguvu kwa njia ya uga. Umeme ni mfano wake mwepesi. Mfano mgumu ni nguvu kali, inayozifunga kwaki ndani ya protoni. Katika umeme mjumbe wa nguvu, yaani fotoni, hana chaji. Katika nguvu kali wajumbe, yaani gluoni, nao wana chaji. Ni kama ugomvi ambao wapatanishi wake wote ni wagomvi. Wastani wa Debye hautegemeki tena, na hesabu ya kawaida hushindwa.

Wala hilo si jambo la karatasini tu. Katika maabara ya Brookhaven, Marekani, viini vya dhahabu viligonganishwa hadi kupata joto la digrii trilioni kadhaa. Kwaki na gluoni huachana na protoni na kuwa mata moja inayoitwa plazima, na mwaka 2005 makundi ya watafiti wa huko yalitangaza kwamba plazima hiyo hutiririka kama kioevu, si kama gesi. Chembe nzito ikiingia humo ni ngeni iliyo katikati ya umati ulioshikana kwa nguvu. Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walikuwa wamekwisha kutabiri kwamba kwaki nzito na kinyume chake, ambazo kwa kawaida hufungamana, zitaachana ndani ya plazima kwa sababu mvutano wao utasitiriwa.

Hapa mwalimu ana swali zuri la kuwauliza wanafunzi wake. Huko Mbwera usitiri huzikutanisha punje. Huko Brookhaven huzitenganisha kwaki. Je, ni kanuni moja? Ndiyo. Punje zilikuwa zikisukumana, na msukumo ukasitiriwa. Kwaki zilikuwa zikivutana, na mvuto ukasitiriwa. Usitiri haubagui baina ya uadui na urafiki. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo bila kusaidiwa amekwisha kuielewa kanuni yenyewe, hata kama hajaandika mlinganyo wowote.

Holografia: hesabu ya njia ya pili

Njia moja ya kuhesabu mahali ambapo hesabu ya kawaida hushindwa ilifunguliwa mwaka 1997 na Juan Maldacena, mzaliwa wa Ajentina. Alidai kwamba baadhi ya nadharia za geji zenye nguvu kali ni sawasawa na nadharia ya mvutano wa ardhi na nyota katika ulimwengu wenye kipimo kimoja zaidi. Njia hiyo huitwa holografia, kwa mfano wa zile picha bapa ambazo ukizigeuza kwenye mwanga huonyesha kina. Yaliyo magumu upande wa bapa huwa mepesi upande wenye kina. Plazima ya moto upande mmoja ni shimo jeusi upande wa pili. Kwaki nzito ni ncha ya uzi unaoning'inia kuelekea shimo hilo.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanafizikia yaliutumia mfano huo kuuchunguza usitiri. Kwaki na kinyume chake zikiwa karibu, uzi mmoja huziunganisha, ukilegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Zikitengwa, uzi huzidi kuzama kuelekea shimo jeusi. Ukifika umbali fulani, uzi mmoja wa namna hiyo hauwezekani tena: hubaki nyuzi mbili, kila mmoja ukitumbukia shimoni peke yake, na kwaki moja haimtambui tena mwenzake kwa njia ya uzi. Umbali huo ni kinyume cha halijoto: joto likizidi mara mbili, umbali hupungua kwa nusu. Msomaji aliyefuata habari ya chumvi ataliona umbo la jibu: kadiri kinachositiri kinavyozidi, ndivyo chaji inavyojulikana kwa umbali mdogo zaidi.

Matokeo mengine ya kuzingatiwa yalitolewa mwaka 2014 na Mike Blake, Aristomenis Donos na David Tong. Waliweka chembe ngeni yenye chaji katika mata ya holografia, ambayo upande wa pili ni shimo jeusi lenye chaji. Halijoto ilipokuwa chini ya kiwango fulani, wingu la usitiri lilifanya viwimbi, vinavyofanana sana na vile vya Friedel, ingawa hesabu yao haikuanza na elektroni za kawaida za metali. Kwenye sufuri halisi ya halijoto kufanana huko huisha, kwa kuwa viwimbi vya shimo jeusi hufifia upesi kuliko vya metali. Chumvi nzito ya Kirkwood, shaba ya Friedel na shimo jeusi la holografia hazina mata ya pamoja. Zilicho nacho pamoja ni swali: umati uliosongamana humpokeaje mgeni?

Mabishano na majibu

Yatakuwapo mabishano. La kwanza litasema kwamba hayo ya mashimo meusi ni anasa katika nchi inayotafuta maji safi na madawati. Hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa kutia chumvi. Holografia haijasafisha hata ndoo moja ya maji. Nadharia inayohesabiwa kwa urahisi ndani yake ni ndugu tu wa nguvu kali ya kweli, na dai la Maldacena, ingawa limepita majaribio mengi ya hesabu, halijapata uthibitisho kamili. Lakini hapa haipendekezwi kwamba holografia ifundishwe katika kidato cha tatu. Inapendekezwa kwamba ufundishwe usitiri, ambao husafisha maji kila siku, na kwamba mwanafunzi aambiwe kwa ukweli kuwa njia aliyoianza kwenye ndoo hufika huko mbali. Kumnyima habari hiyo hakumpi dawati. Humpunguzia tu sababu ya kulikalia.

Bishano la pili litasema kwamba mambo ya kijijini si sayansi ya mitihani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilaumu shule inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Miaka minne kabla ya hapo, yaani mwaka 1963, Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba aliona kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 makala yake pamoja na Denis Osborne ilichapishwa. Wanafizikia wangali wakibishana juu ya jambo hilo, na jina lake limebaki katika vitabu vya dunia. Lililomfikisha huko ni kuliamini jicho lake kuhusu kitu cha kila siku.

Bishano la tatu litasema kwamba Kiswahili hakina maneno. Neno sitara ni la zamani kuliko fizikia yote iliyotajwa hapa, na limebeba maana ambayo mwanafunzi wa pwani anaijua tangu utotoni. Ufundishaji wa sekondari unaofanyika kwa Kiingereza haumkatazi mwalimu kuliweka neno hilo ubaoni kando ya lile la kigeni.

Yanayoweza kufanywa

Kwanza, jaribio. Zichukuliwe chupa tatu za nusu lita, za kuonekana ndani. Udongo mfinyanzi ukorogwe katika maji ya mvua, uachwe kwa nusu saa ili mchanga utue, kisha maji ya ukungu yagawanywe katika chupa hizo. Ya kwanza isitiwe kitu. Ya pili itiwe kijiko cha chai cha chumvi. Ya tatu itiwe chembe ndogo ya shabu. Zote zitikiswe na kuachwa, na wanafunzi waandike kila baada ya robo saa ukungu umeshuka sentimita ngapi. Maji ya kisima cha pwani yaepukwe mwanzoni, kwa kuwa huenda tayari yana chumvi ya kutosha kuliharibu jaribio. Na likiharibika, sababu yake ni somo jingine.

Pili, daftari. Kila shule iliyo karibu na mlango wa mto, iwe ya Rufiji, Pangani, Wami au Ruvuma, ianze kuandika chumvi na ukungu wa maji mara moja kwa juma, kwa saa na kwa hali ya maji, yakiwa ya bamvua au maji mafu. Daftari la miaka kumi lililoandikwa kwa uaminifu litakuwa na thamani ambayo safari ya wiki moja ya wataalamu haiwezi kuifikia.

Tatu, vitabu. Waandishi wa vitabu vya fizikia waongeze, baada ya sheria ya Coulomb, sura fupi juu ya chaji iliyo ndani ya umati. Kurasa nne zatosha. Mfano wa kwanza uwe wa tope na chumvi, na swali la mwisho liwe lile la punje zinazokutana na kwaki zinazoachana.

Chaji mbili katika ombwe zina nafasi yake, kama irabu zilivyo na nafasi yake kwa anayeanza kusoma. Lakini hakuna mwalimu anayemfunga mwanafunzi kwenye irabu kwa miaka minne. Huko Mbwera maji yatajaa leo na kupwa, na tope litaendelea kutua kwa kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuielewa. Haifai aifikie dunia ya mashimo meusi kwa masimulizi ya wengine, ilhali mlango wake mmoja uko nyuma ya darasa lake.